Je, wajua kwa nini wafanyakazi wa reli wa Marekani zamani hawakutimiza vidole kumi?

Miaka ya 1870 na 1880, mtu wa breki wa treni ya mizigo Marekani aliyekosa kidole kimoja au viwili hakuhitaji kuulizwa kama ni mzoefu. Inasimuliwa kwamba wasimamizi wa yadi walitazama kwanza mikono ya mwomba kazi, na kisiki cha kidole kikawa ndio cheti chake. Vidole hivyo viliishia kwenye kifaa ambacho mhunzi yeyote wa kijijini angeweza kukitengeneza: pete ya chuma na pini.

Kila behewa lilikuwa na mhimili wa chuma uliojitokeza mbele na nyuma, na mwisho wa mhimili huo palikuwa na tundu kama mdomo ulioachama. Ndani ya mdomo iliingia pete ndefu, mfano wa pete moja ya mnyororo mnene iliyonyooshwa. Pini ya chuma ilishushwa kutoka juu ikapita katikati ya pete na kuizuia isichomoke. Pete hiyohiyo ikaingia mdomo wa behewa la pili, ikapigwa pini nyingine, na mabehewa yakawa yameungana.

Ugumu ulikuwa kwamba pete haisimami yenyewe. Ikiachwa inainama, na behewa linalokuja litaigonga au kuipita chini. Kwa hiyo mtu wa breki alisimama kati ya mabehewa mawili, moja limetulia na jingine linarudishwa nyuma na injini. Pini ya behewa lililotulia aliisimamisha nusunusu kwenye tundu lake. Kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua sambamba na lile linalotembea, ameinua pete yake kwa vidole ili ilengane na mdomo wa mwenzake. Vyuma vikikaribia kugusana aliiongoza pete iingie, akauondoa mkono, akapiga pini ishuke. Muda wa kuondoa mkono ulikuwa chini ya kufumba na kufumbua.

Mara nyingi mambo hayakwenda hivyo. Kila kampuni ilijenga mabehewa yake kwa kimo chake, kwa hiyo mdomo mmoja ungeweza kuwa juu ya mwingine kwa inchi kadhaa. Hapo pete ya kawaida haikufaa, ilitafutwa iliyopinda, na mtu akawa anatafuta huku behewa linakuja. Mihimili ikipishana badala ya kugongana uso kwa uso, nafasi iliyobaki kati ya miili ya mabehewa haikutosha kifua cha mtu. Mabehewa mengine yalikuwa na magogo ya kukinga kishindo pande zote mbili za mhimili, nayo yalimponda mtu hata pale pete ilipoingia vizuri. Chini kulikuwa na pointi: pale reli mbili zinapokutana hubaki pembe nyembamba, na kisigino cha buti kikiingia humo hakitoki upesi. Ongeza usiku, barafu, taa ya mafuta iliyoshikwa kwa mkono wa pili, na dereva aliye mbali anayefuata ishara ya taa hiyohiyo.

Kampuni zilikuwa na kanuni nzuri kwenye karatasi. Zilikataza kuingia kati ya mabehewa yanayotembea na kuagiza pete iongozwe kwa fimbo. Kwa fimbo kazi ilichelewa, na anayechelewesha treni alifukuzwa. Aliyeumia bila fimbo mkononi aliambiwa kwamba amevunja kanuni, hivyo hana cha kudai. Kwa maoni yetu, kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya mawakili.

Jina lake "mtu wa breki" lilitokana na kazi ya pili, iliyofanyikia juu ya paa. Kila behewa la mizigo lilikuwa na gurudumu la breki lililosimama juu ya mti wa chuma. Dereva alipopiga filimbi ya kuomba breki, watu wawili au watatu walikimbia juu ya mapaa, mmoja akitokea mbele na mwingine nyuma, kwenye ubao mwembamba uliopigiliwa katikati. Waliruka kutoka behewa hadi behewa na kulikaza kila gurudumu kwa rungu la mbao. Wakikaza kidogo, treni inateremka mlima bila kushikika. Wakikaza kupita kiasi, magurudumu ya behewa kwenye reli yanagoma kuzunguka, yanaburuzika na kupata ubapa. Madaraja ya chini na mahandaki yaliwafagia waliosimama, ndiyo maana kampuni zikaanza kuning'iniza safu ya kamba juu ya reli kabla ya daraja. Kamba zikikupiga usoni gizani, lala kifudifudi.

Haya yanaeleza kwa nini mgomo mkubwa wa 1877 ulianza na treni za mizigo. Tarehe 16 Julai mwaka huo kampuni ya Baltimore and Ohio ilikata mishahara kwa asilimia 10, na haikuwa mara ya kwanza kukata ndani ya miezi michache. Mjini Martinsburg, West Virginia, wafanyakazi walizifungua injini kutoka kwenye mabehewa, wakaziingiza kwenye karakana na kusema hakuna treni ya mizigo itakayotoka mpaka mshahara urudishwe. Siku tatu baadaye huko Pittsburgh kampuni ya Pennsylvania iliamuru treni za mizigo ziunganishwe mbilimbili na kuvutwa na injini mbili. Maana yake treni yenye urefu mara mbili ingehudumiwa na watu wa breki walewale: mapaa mara mbili ya kukimbilia, magurudumu mara mbili ya kukaza, na wenzao kurudishwa nyumbani bila kazi. Watu waligoma. Tarehe 21 wanamgambo walioletwa kutoka Philadelphia walifyatua risasi na kuua watu wapatao 20. Usiku huo umati ulichoma yadi. Injini 104 na mabehewa zaidi ya elfu moja yakateketea. Rais Hayes alituma jeshi katika majimbo kadhaa. Kufikia mwanzoni mwa Agosti mgomo ulikuwa umezimwa, huku watu karibu 100 wakiwa wamekufa nchi nzima.

Mahakamani nako hakukuwa na kimbilio. Mwaka 1842 Mahakama Kuu ya Massachusetts ilisikiliza kesi ya Farwell, dereva wa treni aliyepondwa mkono kwa sababu mshika pointi aliiacha njia vibaya. Mahakama ilisema kwamba mshahara wake wa dola 2 kwa siku ulikuwa tayari umebeba fidia ya hatari, na kwamba kosa la mfanyakazi mwenzake si kosa la kampuni. Majaji wa majimbo mengine walifuata njia hiyo. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na kinga tatu: ulijua kazi ni ya hatari ukaikubali; aliyekosea ni mwenzako; na hata wewe ulichangia uzembe. Moja tu ilitosha kukurudisha nyumbani mikono mitupu, kama mikono yenyewe ilibaki.

Bima nazo ziliwakwepa watu hawa au zikawatoza malipo wasiyoyaweza. Ndiyo maana vyama vyao vya kwanza vilifanana zaidi na vyama vya kuzikana kuliko vyama vya mgomo. Mwaka 1883 watu 8 wa breki walikutana ndani ya behewa la gadi (msimamizi wa treni) huko Oneonta, New York, wakaanzisha udugu wao. Ada za wanachama zilikwenda kwa mjane au kwa aliyepoteza kiungo. Lakini udugu huo ulikuwa na mlango: katiba yake iliruhusu wanaume weupe peke yao. Majimbo ya Kusini yalikuwa na watu wengi wa breki Weusi waliofanya kazi ileile kwa mshahara mdogo zaidi na bila njia ya kupanda kuwa gadi. Chama kiliwaacha nje na kampuni ikawatumia kushusha bei ya kazi. Aliyefaidika anaonekana.

Linaloshangaza ni kwamba dawa ilikuwepo muda wote huo. Tarehe 29 Aprili 1873 Eli Janney, karani wa duka huko Alexandria, Virginia, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kiunganishi alichokuwa amekichonga kwanza kwenye mti kwa kisu. Kunja vidole vya mkono wa kulia, kunja vya kushoto, kisha vinase pamoja: wazo lake ndilo hilo. Kila behewa lina "kiganja" cha chuma chenye kidole kinachozunguka kwenye bawaba. Kidole kikiwa wazi, mabehewa yanapogongana kinasukumwa kujifunga, na komeo linadondoka nyuma yake kukizuia kisifunguke. Wa kufungua anavuta mkono wa chuma uliofika hadi pembeni mwa behewa, akiwa amesimama nje ya reli.

Breki nayo ilikuwepo. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya hewa mwaka 1869. Toleo hilo la kwanza lilikuwa na kasoro kubwa: hewa ilisukumwa kutoka kwenye injini ili kukaza breki, hivyo mpira mmoja wa kupitisha hewa ukipasuka treni nzima inabaki bila breki. Kufikia 1872 aliligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Kila behewa likawekewa tangi lake la hewa na vali. Hewa iliyojaa kwenye bomba la treni, wakati ule pauni 70 hivi kwa inchi ya mraba, ndiyo inayoziachia breki, na hewa hiyo ikipungua, vali inafungua tangi na breki zinakaza. Bomba likikatika, treni inasimama yenyewe.

Treni za abiria zilivipata vifaa hivi mapema, kwa sababu abiria akiumia alishtaki na kushinda. Treni za mizigo zilisubiri. Kulikuwa na sababu ya kweli ya kiufundi: katika majaribio ya Burlington, Iowa, mwaka 1886, treni ya mabehewa 50 ilikaza breki mbele kabla ya nyuma, na mabehewa ya nyuma yakapigana kishindo cha kuvunja vitu. Westinghouse alirekebisha vali, na majaribio yaliyoendelea hadi 1887 yakaonyesha treni ndefu ikisimama kwa utulivu. Mwaka huohuo chama cha mafundi wakuu wa mabehewa kilichagua umbo la Janney kuwa la kawaida, naye akaiachia haki ya umbo hilo itumike na wote. Baada ya hapo udhuru wa kiufundi ulikwisha.

Ulibaki udhuru wa hesabu. Nchi ilikuwa na mabehewa ya mizigo zaidi ya milioni moja, na behewa la kampuni hii lililala leo kwenye yadi ya kampuni ile. Aliyetangulia kubadilisha alilipia vifaa ambavyo visingemfaa mpaka wengine nao wabadilishe. Tena kipindi cha mpito kilikuwa kibaya kuliko cha awali: kidole cha Janney kilitobolewa nafasi ya kupokea pete na pini za zamani, na mtu akalazimika kuingiza mkono ndani ya chuma kilichotengenezwa ili mkono usiingie. Mkono wa mtu wa breki, kwa sheria ya Farwell, haukugharimu kitu. Kwa mwaka ulioishia Juni 1889 takwimu za serikali zilihesabu wafanyakazi wa reli 1,972 waliokufa na 20,028 waliojeruhiwa. Kwa wanaotembea na treni, mmoja kati ya 117 alikufa ndani ya mwaka huo na mmoja kati ya 12 aliumia.

Aliyelikamata suala hili na kutoliachia ni Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa. Mwaka 1874 alimwona mtu wa breki akipoteza vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia; vingine vilikwenda mapema zaidi kwa kazi hiyohiyo. Coffin aliandika barua, akawafuata wenye kampuni mikutanoni, akawa kamishna wa reli wa Iowa mwaka 1883, na akaikaba serikali ya Washington pamoja na vyama vya wafanyakazi. Rais Benjamin Harrison, ambaye mwaka 1889 aliliambia Bunge kuwa hatari yao ni sawa na ya askari vitani, alitia saini sheria tarehe 2 Machi 1893.

Sheria ilitaka breki anazozitawala dereva, viunganishi vinavyojifunga kwa kugongana, vishikio vya mikono kwenye ncha za mabehewa, na faini ya dola 100 kwa kila kosa. Kimo cha mhimili kiliwekwa kati ya inchi 31½ na 34½ kutoka juu ya reli. Kifungu cha 8 kiliondoa ile kinga ya kwanza: aliyeumizwa na behewa lisilotimiza sheria hakuhesabiwa kuwa alikubali hatari. Kampuni zilipewa hadi Januari 1898, zikaomba muda, zikaongezewa hadi 1 Agosti 1900.

Siku nne baada ya hapo, huko Promontory, Utah, mtu wa breki aitwaye Johnson aliambiwa aunganishe injini yenye kiunganishi cha Janney na behewa la chakula lenye ndoano ya aina nyingine. Vyote viwili vilijifunga vyenyewe, ila kila kimoja na cha aina yake tu. Alijaribu mara tatu, kisha mkono ukapondwa na kukatwa. Mahakama za chini zilisema kampuni haina kosa, maana kila kifaa peke yake ni cha kujifunga. Mahakama Kuu ya Marekani iliutupa uamuzi huo mwaka 1904: kiunganishi kisichoweza kujifunga na cha jirani yake hakitimizi sheria. Mwaka 1908 sheria nyingine iliondoa na kinga ya "kosa la mwenzako" kwa treni zinazovuka majimbo.

Ukisimama leo karibu na treni ya mizigo ya SGR ya Mombasa, kiganja cha chuma unachokiona kati ya mabehewa ni mtoto wa umbo la Janney, lililofika kupitia viwango vya China. Ulaya, treni nyingi za mizigo bado huunganishwa kwa ndoano na skrubu nzito ambayo mtu huinyanyua kwa mikono, ameinama kati ya mabehewa.

Hata kwa Janney kazi ya mkono haijaisha. Anayeunganisha huhakikisha kidole kimoja kiko wazi, husimama pembeni, huleta behewa kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha huomba injini ivute kidogo kuthibitisha kwamba komeo limeshuka. Baada ya hapo kinabaki kitu kimoja ambacho kiganja hakikifanyi: mipira ya breki ya hewa. Kwenye mabehewa mengi ya mizigo hiyo bado huunganishwa kwa mkono, na mtu lazima aingie katikati. Ndiyo maana kanuni za yadi humtaka asubiri treni isimame kabisa na dereva athibitishe kwamba amefunga breki na injini haitasogea, ndipo ainame.