Dampingi baada ya upasuaji wa saratani ya umio

Dampingi ni hali ya chakula, hasa chenye sukari, kutoka kwenye mfuko wa tumbo na kuingia utumbo mwembamba haraka mno. Huwapata wengi waliokatwa umio (mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni) kwa sababu ya saratani. Daktari akishaondoa sehemu kubwa ya umio, mara nyingi huushona mfuko wa tumbo uwe kama mrija, akauvuta hadi kifuani uchukue nafasi yake. Mfuko unabaki mdogo, na neva za vagasi zilizokuwa zikiuongoza hukatwa.

Dampingi ya mapema huja dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Sukari iliyorundikana utumboni huvuta maji kutoka kwenye damu: tumbo linasokota, moyo unaenda mbio, jasho, kizunguzungu, kuharisha. Ile ya kuchelewa huja baada ya saa 1 hadi 3. Sukari ya damu imepanda ghafla, kongosho limemwaga insulini nyingi (homoni inayoshusha sukari), sasa sukari inaporomoka. Mgonjwa anatetemeka, ana njaa, maneno yanampotea. Nyumbani watasema malaria au presha. Muulizeni kwanza alikula nini, na saa ngapi.

Mara nyingi chanzo ni soda, juisi na uji mtamu, vile vile ambavyo wageni huleta kwa nia njema. Ale milo midogo 6 hadi 8 kwa siku, atafune taratibu, aanze na yai, samaki au maharage yaliyopondwa, ndipo vijiko vichache vya matoke laini na mchuzi wa karanga. Posho (ugali) ngumu isubiri, huweza kukwama penye mshono unaounganisha mfuko na umio uliobaki. Chai na maji visiandamane na mlo: vikae mbali nao kwa dakika 30.

Wenye dampingi kwa kawaida huambiwa walale baada ya kula. Aliyekatwa umio asilale chali! Kizuizi cha juu ya tumbo kimeondolewa, hivyo asidi na nyongo hupanda na zinaweza kuingia mapafuni. Aegemee mito. Usiku, matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, yainue sentimita 15 hadi 20, na mlo wa mwisho uliwe muda wa saa 3 kabla ya kulala.

Akianza kutetemeka, apewe vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, kisha yai. Asiyeweza kumeza apelekwe hospitali mara moja. Chakula kinachokwama kila mlo si dampingi. Huenda mshono umebana, na hupanuliwa kwa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni).