Mzee Aliyehamia Makazi ya Wastaafu Anahitaji Kuwa na Zamu

Familia nyingi hushusha pumzi mzazi anapohamia makazi ya wastaafu. Kuna majirani wa rika lake, kuna wahudumu, kuna kengele ya dharura karibu na kitanda. Yote hayo ni mema. Lakini sisi tunaowahudumia wazee hukutana mara kwa mara na mkazi anayesalimiwa na kila mtu na bado hana hata mmoja wa kumbishia hodi asipoonekana mchana kutwa.

Upweke wa namna hiyo unaua. Mwaka 2015 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti nyingi zilizofuatilia watu kwa miaka. Walikuta kwamba hatari ya kufa mapema ilikuwa juu kwa takriban asilimia 26 kwa wenye upweke, na asilimia 29 kwa waliotengana na jamii. Njia mojawapo ni hii: asiye na mtu wa kumfuata hatoki chumbani, asiyetoka miguu inalegea, miguu ikilegea anaogopa kuanguka, na hofu hiyo inamfungia ndani zaidi. Ndiyo maana sipendi kuona ratiba ya mazoezi ikipangwa kando na maisha ya ujirani.

Kinachomtoa mzee chumbani, kwa maoni yangu, ni kujua kwamba kuna jambo litakalokwama asipofika. Burudani pekee haitoshi. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walifanya jaribio katika makao ya wazee nchini Marekani. Kundi moja la wakazi lilikumbushwa kwamba maamuzi ya maisha yao ni yao wenyewe, na kila mmoja akachagua mmea wa kuutunza. Kundi la pili liligawiwa mimea na kuambiwa wauguzi wataimwagilia. Baada ya wiki chache, wale wa kundi la kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na walishiriki zaidi katika shughuli. Tofauti ilianzia kwenye chungu cha mmea na ruhusa ya kuamua.

Basi ukihamia, omba zamu mapema: kugawa magazeti, kupanga vitabu, kumtembeza mkazi mgeni siku zake za kwanza. Na wahudumu wenzangu, tuache kumkimbilia mzee kwa kila kitu. Anayeweza kukunja nguo zake kwa dakika 20 aachiwe dakika zake 20. Huruma inayompokonya kazi zote inamdhoofisha.

Kwa upande wa mwili, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Waongeze mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2, na ya kuuzoesha mwili kusimama imara angalau siku 3. Asiyeweza kufikia hapo afanye anachokiweza. Kidogo ni bora kuliko kukaa.

Unaweza kujipima mkiwa wawili. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na ukae tena kwa sekunde 30 huku mwenzako akihesabu karibu yako. Kwa umri wa miaka 70 hadi 74, mwanamke asiyefikisha mara 10 au mwanamume asiyefikisha mara 12 yuko chini ya wastani. Ukijiinua kwa mikono, hesabu ni sifuri. Matokeo hafifu ni dalili kwamba unaweza kuanguka, kwa hiyo mwone mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo.

Kuna kikwazo kingine kinachosahaulika sana, nacho ni masikio. Ukumbini vijiko vinagongana, redio inaongea, watu sita wanazungumza kwa wakati mmoja. Mwenye usikivu hafifu hudaka neno moja moja, hucheka wenzake wakicheka, na akichoka huanza kulia chakula chumbani. Majirani husema ana maringo, kumbe hasikii. Apimwe, huenda ni nta tu imeziba, au anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia. Wakati huohuo apewe meza ndogo mbali na jiko, akae ukuta ukiwa nyuma yake, na wenzake wazungumze wakimtazama usoni.

Familia nazo zisiishie chumbani zinapotembelea. Njooni saa ya shughuli, mzee awatambulishe kwa wenzake.

Yule ambaye zamu, mazoezi na wageni havimgusi, aliyekosa usingizi, hamu ya kula au furaha kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe kwa daktari. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, si sehemu ya uzee, na inatibika.