Mkono Unaongoja Katika Poka ya Mtandaoni: Ulipie Dau au Uutupe?

Katika poka ya Texas Hold'em, aina inayochezwa sana mtandaoni, ambayo kila mchezaji hushika karata mbili na kuziunganisha na tano za wote zinazofunuliwa mezani, mkono unaongoja ni ule ambao kwa sasa unashindwa hata na jozi moja, lakini ukipata karata moja ifaayo unageuka kuwa mkono mzito. Mwenye kopa nne huongoja ya tano. Mwenye 5, 6, 7 na 8 huongoja 4 au 9 ili akamilishe mfululizo wa karata tano. (Msomaji wa Nairobi aliyekulia kwenye kadi za mtaani, mchezo ambao wengi huuita poka na ambao mtu hutangaza "niko kadi" anapokaribia kumaliza, aelewe kwamba huo ni mchezo mwingine kabisa.) Mpinzani anapoweka dau, mwenye mkono wa namna hii hana budi kujiuliza kama bei anayodaiwa ili aione karata inayofuata inalingana na nafasi yake ya kuipata.

Tuchukue mchezaji aliye ndani ya matatu iliyokwama Thika Road, simu mkononi, akiwa na 7 na 8 za kopa. Mezani zimefunuliwa mfalme wa kopa, 3 ya kopa, 10 ya pau na 2 ya shupaza, na imebaki karata moja tu. Fedha zilizo mezani ni shilingi 600, mpinzani anaweka dau la 300, na mstari wa muda kwenye skrini unaanza kufupika. Karata asizoziona ni 46, yaani 52 ukitoa mbili zake na nne za mezani, na kati ya hizo kopa ni 9. Nafasi yake basi haifiki asilimia 20. Kwa kuwa anatakiwa kulipa 300 ili apiganie 900, angehitaji kushinda angalau mara moja katika kila mara nne. Ukitaka kuliona pengo hilo kwa shilingi, chukulia kwamba kila moja ya karata 46 imetoka mara moja: mara 9 angejipatia 900, jumla 8,100, na mara 37 angepoteza 300, jumla 11,100. Hasara ni 3,000, takriban shilingi 65 kila anapolipa, na kwa hesabu hiyo peke yake mkono unatupwa. Lau dau lingekuwa 150, angelipa 150 ili apiganie 750, kiwango anachohitaji kingeshuka hadi asilimia 17 hivi, na kulipa kungekuwa na faida.

Fedha alizoweka mwenyewe katika raundi zilizotangulia haziingii katika hesabu hii kama deni la kukomboa, kwa maana zikishafika mezani si zake tena.

Mahali wachezaji wengi wanapojidanganya, kwa maoni yangu, ni katika kuhesabu karata zinazofaa, kwa sababu si kila kopa itakayotoka itampa ushindi. Ikiwa mpinzani ana wafalme wawili mkononi, tayari ana wafalme watatu, na 10 ya kopa au 2 ya kopa itamkamilishia mchezaji wetu kopa tano huku ikimpa mpinzani watatu na jozi, mkono ulio juu zaidi. Dhidi ya mpinzani huyo, karata zinazofaa kweli ni 7 wala si 9, na hata lile dau la 150 lililoonekana rahisi linageuka kuwa la hasara. Tena kopa zake mwenyewe ni ndogo: mwingine mezani akiwa na kopa mbili zenye ree au malkia, ile karata anayoiomba ndiyo itakayommaliza. Mkono unaongojea kopa huku ukiwa na ree ya kopa ni mali tofauti kabisa na huu.

Kinachoweza kuokoa dau la bei ghali ni fedha za baadaye, yaani kile ambacho mpinzani atakubali kulipa baada ya karata kutoka. Katika mfano wa 300, hasara ya 3,000 ikigawanywa kwa zile mara 9 inaonyesha kwamba kila kopa ikitoka ni lazima avune zaidi ya shilingi 333 za ziada ili asipoteze. Mpinzani aliyebakiwa na shilingi 100 hana za kumpa. Aliyebakiwa na 2,000 anazo, ila naye anaona kopa tatu zimelala mezani na huenda akagoma kulipa. Mfululizo wa karata hujificha vizuri zaidi, ndiyo maana mara nyingi huvuna zaidi unapokamilika.

Kwa kuwa muda ni mfupi, wazoefu huzidisha idadi ya karata zinazofaa kwa 2 ikiwa wataona karata moja, na kwa 4 ikiwa wataona mbili. Kwa kopa 9 hiyo ni asilimia 18 au 36, karibu kabisa na hesabu kamili. Kuzidisha kwa 4 kunafaa tu pale ambapo karata tatu zimefunuliwa na hakuna dau jingine litakalodaiwa, kwa mfano mmoja wenu akiwa ameshaweka fedha zake zote. Kama mpinzani bado anaweza kuweka dau baada ya karata ya nne, bei ya sasa inakununulia karata moja, na anayejihesabia mbili analipa kwa matumaini. Zaidi ya hayo, kampuni ya mchezo hukata sehemu yake katika fedha za mezani, kwa hiyo dau linaloonekana kuwa sawa kwa sawa huwa tayari lina hasara kidogo.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo ni kupandisha dau. Ikiwa mchezaji wetu ana sababu ya kuamini kwamba mpinzani anaweza kuogopa na kutupa karata zake, anapata njia mbili za kushinda, kwa woga wa mwenzake au kwa kopa, na mkono usiostahili kulipiwa 300 unaweza kustahili kupandishwa hadi 900. Dhidi ya mtu asiyetupa karata kamwe, na watu hao wamejaa kwenye meza za madau madogo, njia hiyo haipo, na uamuzi unarudi kwenye zile 9 kwa 46.