Mashine ya laki moja na dhana nyingine kuhusu mashindano ya programu

Shule zikifungwa, wazazi wa Nakuru na Kisumu ambao watoto wao wamependa kuandika programu huuliza swali lile lile: ninunue mashine gani? Mimi ningeanza kwingine. Je, nyumbani kuna mahali ambapo mtoto anaweza kukaa na swali moja kwa saa mbili bila kuinuliwa? Dhana nyingi zinazosikika mitaani kuhusu mashindano ya programu, ambapo mshindani hupewa maswali ya kutatua kwa kuandika programu ndani ya muda uliowekwa, huwafanya watu watumie pesa palipo rahisi kununua, na kusahau hicho ambacho hakiuzwi dukani.

Dhana: Bila kompyuta ya nguvu mtoto hafiki popote

Hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Kwenye tovuti za mashindano kama Codeforces au AtCoder, mshindani huandika programu yake na kuituma. Seva, yaani kompyuta ya waandaaji, ndiyo huiendesha na kuijaribu kwa data ambayo yeye hajaiona. Muda unaopimwa, mara nyingi sekunde moja au mbili, ni wa seva hiyo, na ni ile ile kwa aliyeko Tokyo na aliyeko Kaptembwo, Nakuru.

Chukua mfano. Umepewa nambari 200,000, zote tofauti, na unaulizwa ni jozi ngapi zinazojumlisha milioni moja kamili. Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kushika nambari moja, kuijumlisha na kila iliyobaki, kisha kushika ya pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Jozi hizo ni karibu bilioni 20. Kompyuta ya kawaida hufanya mamia ya mamilioni ya hatua nyepesi kwa sekunde, kwa hiyo sekunde mbili zitakwisha kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na seva itaikata.

Mtoto mwingine anazipanga nambari kwanza, ndogo hadi kubwa. Kupanga huko ni ulinganishaji wa milioni 3 na nusu hivi. Kisha anaweka kidole kimoja kwenye ndogo kabisa na kingine kwenye kubwa kabisa. Jumla ikizidi milioni, kidole cha juu kinashuka. Ikipungua, cha chini kinapanda. Ikitimia, anahesabu jozi moja na vidole vyote viwili vinasogea. Hatua hazifiki hata 200,000 kabla vidole havijakutana. Programu hii inamaliza mara moja, hata kwenye laptopu ya ex-UK (iliyotumika Uingereza kisha ikaletwa hapa) iliyotengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ile ya kwanza itakatwa hata ikiandikwa kwenye mashine ya laki moja.

Laptopu iliyotumika, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na kibodi ambayo vitufe vyake vyote vinafanya kazi, inatosha kabisa kwa kuandika na kujaribu programu kwa lugha za kompyuta kama C++ au Python. Ukibaki na pesa kidogo, ondoa diski ya zamani uweke SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka. Hakuna badiliko jingine litakaloifanya mashine nzee iwake haraka kiasi hicho.

Dhana: Mshindani ni yule anayekaa kutwa kwenye kibodi

Katika mashindano ya ICPC, ya wanafunzi wa vyuo vikuu, timu ina watu watatu na kompyuta moja kwa saa tano. Kwa hiyo wakati wowote angalau wawili hawana kibodi. Wanachora, wanabishana kwa sauti ya chini, wanajaribu mfano mdogo kwenye karatasi. Na kila jibu lisilo sahihi lililotumwa kwa swali ambalo hatimaye wamelitatua huongeza dakika 20 kwenye muda wao, kwa hiyo aliyeharakisha kuandika huweza kuwaumiza wenzake.

Hilo linabadilisha jinsi ya kupanga meza. Wengi hutafuta meza ya kompyuta yenye droo ndogo ya kibodi, na daftari linakosa pa kukaa. Mwambie seremala wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, akutengenezee ubao mpana wa kawaida, laptopu ikae upande mmoja na daftari lililofunguliwa upande wa pili. Urefu upime kwa mtoto mwenyewe: akikaa, viwiko viwe sawa na ubao na nyayo ziguse sakafu. Kiti cha plastiki chenye mgongo si kibaya, mradi urefu uwe huo. Kitanda ndicho kibaya. Shingo inapinda, na blanketi huziba matundu ya hewa chini ya laptopu hadi mashine ipunguze kasi yenyewe kwa sababu ya joto. Kwa Nakuru ongeza vumbi: feni isafishwe mara kwa mara.

Dhana: Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inalinda macho

Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane walipitia majaribio 17 na kuona kwamba, kwa muda mfupi, huenda miwani hiyo haipunguzi uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Macho huchoka hasa kwa sababu mtu akikodolea skrini hupepesa mara chache na hutazama umbali mmoja muda mrefu. Kila baada ya dakika 20 aangalie kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Skrini iwe umbali wa mkono, na dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma. Kwa wadogo, kucheza nje mchana ni muhimu zaidi, kwani muda wa nje unahusishwa na kupungua kwa tatizo la kutoona mbali.

Dhana: Kifaa cha kulinda runinga kitaizuia radi

Ukiwa Kakamega, Kisii au kando ya ziwa, soma hapa kwa makini. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda za juu, hewa inapanda, na alasiri mawingu yanakuwa meusi. Eneo hili ni miongoni mwa yanayopigwa na radi zaidi nchini. Vile vifaa tunavyochomeka kati ya soketi na runinga au friji kazi yake hasa ni kukata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi, na kusubiri kidogo stima inaporudi. Radi ikipiga karibu, haviwezi kuizuia. Kinga ya kweli ni kuchomoa, tena mapema, kabla ngurumo hazijakaribia. Chomoa waya wa stima na waya wa intaneti pia, kwa maana nao hupitisha.

Hapo ndipo laptopu inapoishinda kompyuta ya mezani: mtoto anaendelea kwa betri, na simu inampa intaneti. Maswali ni maandishi, kwa hiyo bando dogo linamtosha. Lakini betri za mashine zilizotumika mara nyingi zimechoka. Ijaribu siku isiyo na mashindano: chomoa, fanya kazi, uone inazima baada ya muda gani.

Dhana za haraka haraka

Kwamba lazima uwe umemaliza hesabu za kidato cha nne: silabasi ya IOI, olimpiadi ya kimataifa ya programu kwa wanafunzi wa shule, haina kalkulasi kabisa. Inataka kuhesabu kwa mantiki, na hilo linaweza kuanza mapema. Gennady Korotkevich wa Belarus alipata medali ya fedha kwenye IOI ya 2006 akiwa na miaka 11, kisha ya dhahabu kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2012.

Kwamba usipotatua yote umeanguka: IOI ina maswali sita kwa siku mbili, alama 100 kila moja, na alama za sehemu hutolewa. Karibu nusu ya washiriki huondoka na medali.

Kwamba mashindano yako Nairobi tu: USACO, olimpiadi ya programu ya Marekani, iko wazi kwa yeyote kupitia intaneti. AtCoder huwa na mashindano ya wanaoanza karibu kila Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa zetu, dakika 100.

Dhana: Mtoto yuko nyumbani, kwa hiyo anaweza kutumwa

Codeforces hutumia saa za Moscow, ambazo ni sawa na zetu, na mashindano mengi ya Codeforces huanza saa kumi na moja na dakika 35 jioni. Kwa mashindano ya saa mbili, yanaisha saa moja na dakika 35 usiku. Hebu tazama nyumba nyingi za Nyalenda kule Kisumu au Free Area kule Nakuru wakati huo: sukuma inakatwa, maji yanachotwa, ugali unasongwa, na anayeitwa jikoni kwanza ni binti. Saa ya mashindano haisimami akiinuka, na alama ya swali hupungua kadiri muda unavyokwenda. Kaka yake aliye na uwezo kama wake hubaki kwenye kiti. Baadaye watu husema wasichana hawafanyi vizuri katika mambo haya, ilhali hawakupewa saa mbili zilizokamilika.

Ratiba ya Codeforces hutangazwa siku kadhaa kabla. Iandikwe ukutani pamoja na zamu za nyumbani. Siku ya mashindano yake, kaka apike, au chakula kiivishwe kabla ya saa kumi na moja, na mlango ufungwe hadi saa mbili kasoro dakika 25.