Kile kilicho juu ya bega la Bikira Maria si chombo cha anga

Kuna picha inayorudi kwenye magrupu kila baada ya muda: mchoro wa Bikira Maria na Mtoto Yesu wa karne ya 15, uliopo Florence, Italia. Ujumbe unadai kwamba angani, juu ya bega la Maria, mchoraji aliweka chombo cha viumbe wa sayari nyingine.

Ikuze picha. Chini ya hicho "chombo" yupo mtu mdogo ameinua mkono kukinga macho, na mbwa wake naye ameinua kichwa. Ni mchungaji. Soma Luka 2:8-9: malaika anawatokea wachungaji usiku, utukufu wa Bwana unawaangazia. Wachoraji wa enzi zile waliuonyesha kwa wingu lenye miale ya dhahabu. Tazama michoro mingine ya Kuzaliwa kwa Yesu ya wakati huo. Utalikuta tukio lilelile, mara nyingi malaika akionekana wazi.

Kinachochanganya ni mkato: inayosambazwa ni ile kona tu, nyota ya Kuzaliwa kwa Yesu iliyochorwa upande wa pili imeachwa nje. Halafu macho yetu yamezoea filamu (yangu pia). Ukitumiwa tena, usiisambaze. Mrudishie aliyekutumia picha nzima.