Mtoto akikaa kimya mbele ya mtihani wa Kiingereza

Mvulana wa miaka 11 amekaa mbele ya kompyuta katika chumba kidogo pembeni ya maktaba ya shule. Familia yake imefika Marekani wiki tatu zilizopita, ikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Hedifoni zinampwaya, kila dakika anazishika zisianguke. Kwenye skrini kuna picha ya watoto wanapanda mbegu, na sauti ya mwanamke inamwuliza kwa Kiingereza wanafanya nini. Kimya. Inauliza tena. Kimya.

Tulikuwa bado kwenye maswali ya mazoezi, na hapo naruhusiwa kusema naye lugha yake. Nikamwuliza mbona hajibu. Akanong'ona, macho yako sakafuni: “Sasa huyo muntu iko wapi?”

Alikuwa ameelewa anaulizwa nini. Alichokosa ni mtu wa kumjibu. Tangu azaliwe hakuwahi kuongea na sauti isiyo na uso, na hakuna aliyefikiria kumwambia kwamba hapa ndivyo inavyokuwa. Kama kile kimya kingeingia kwenye mtihani wenyewe, kingehesabika kama hajui Kiingereza kabisa, maana karatasi ya matokeo haina nafasi ya kuandika sababu.

Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yetu sisi wasaidizi wa upimaji wa lugha: kutenganisha asichokijua mtoto na asichokizoea. Wazazi wengi wanaotuona shuleni hudhani sisi ni wakalimani, wengine hudhani ni walimu wa ESL, yaani Kiingereza kama lugha ya pili. Ni kazi ya tatu, na ina mipaka yake.

Chanzo chake kiko mahakamani. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumweka mtoto asiyejua Kiingereza darasani, ukampa kitabu kilekile na mwalimu yuleyule kama wenzake, si usawa. Kesi hiyo ilihusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco. Shule zikatakiwa kuwasaidia watoto wa namna hiyo, na huwezi kumsaidia usiyemjua. Leo sheria ya shirikisho inataka mtoto anayedhaniwa kuhitaji msaada wa Kiingereza apimwe ndani ya siku 30 tangu aandikishwe, kisha apimwe kila mwaka mpaka atakapofuzu. Majimbo mengi, Kentucky na Colorado yakiwemo, hutumia mitihani ya WIDA, shirika lililo chini ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. California wana ELPAC, Texas wana TELPAS. Majina tofauti, lakini vinavyopimwa ni vilevile vinne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika.

Kinachomfikisha mtoto kwenye mtihani huo ni fomu ya lugha ya nyumbani, ile mzazi anayojaza siku ya kuandikisha: mtoto alianza kusema lugha gani, nyumbani mnaongea lugha gani. Hapa ndipo mambo huharibika mapema. Mzazi anaandika “English” kwa sababu amesikia mitaani kwamba ukiandika Kiswahili mtoto anarudishwa darasa. Mwingine anaandika “Swahili” kwa sababu ndicho karani atakachokielewa, wakati nyumbani ni Kibembe mtupu na Kiswahili mtoto alikiokota kambini. Niliwahi kupokea fomu iliyoandikwa “African”. Nikapiga simu, mama akacheka, akaniambia karani ndiye aliyejaza. Fomu hiyo haihusiani na makaratasi ya uhamiaji, na tangu kesi ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982 shule ya umma haiwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya makaratasi hayo. Andika lugha mnayogombana nayo jikoni.

Siku ya mtihani naruhusiwa mengi kabla haujaanza. Naeleza maagizo kwa lugha ya mtoto, namwonyesha wapi pa kubofya. Namwambia pia jambo ambalo nyumbani kwetu lingekuwa utovu wa adabu: hapa ongea sana. Mtoto wa kwetu amelelewa kumjibu mkubwa kwa neno moja, macho chini. Sehemu ya kuzungumza inataka maelezo, na anayejibu “planting” akanyamaza atapata alama za chini kuliko aliyebabaisha sentensi tatu zenye makosa.

Mtihani ukishaanza, mdomo wangu unafungwa. Swali la Kiingereza halitafsiriwi, hata neno moja. Nimeshalaumiwa sana kwa hili. “Dada, wewe ni wa kwetu, ulishindwaje kumtupia mtoto neno?” Neno hilo moja likimpandisha ngazi asiyokuwa nayo, linamtoa pia kwenye msaada anaostahili, na baada ya miezi miwili mzazi huyohuyo atakuja kuuliza mbona mtoto hafuati masomo.

Kuna pia masikio ya anayetoa alama. Msichana aliyekulia Kigoma aliulizwa anaamka saa ngapi, akajibu “at twelve”. Asiyejua saa zetu ataandika hakuelewa swali. Anayezijua anasikia saa kumi na mbili asubuhi na kuona kwamba Kiingereza chake hakina kosa.

Lawama ya pili ninayoisikia kila mwaka: mtoto anaongea Kiingereza kama mzaliwa, anawatafsiria wazazi dukani, mbona mwaka wa nne bado yuko ESL? Angalieni hesabu. Katika mtihani wa mwaka wa WIDA, kusoma ni asilimia 35 ya alama ya jumla na kuandika asilimia 35. Kusikiliza na kuzungumza ni 15 kwa 15. Kiingereza cha dukani kinagusa asilimia 30 tu. Mtafiti Jim Cummins alilieleza hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980: lugha ya mazungumzo huja kwa kama miaka miwili, lakini lugha ya vitabu huchukua mitano hadi saba. Kwa hiyo barua ya matokeo ikija, usiishie kwenye ile namba ya jumla. Omba zile nne moja moja.

Wakati mwingine tunaitwa kupima lugha ya mtoto mwenyewe, hasa shule inapodhani anahitaji elimu maalumu. Hapa sina mzaha. Mwaka 1970 huko California, kesi iitwayo Diana ilihusu watoto tisa wenye asili ya Meksiko waliowekwa madarasa ya wenye upungufu wa akili baada ya kupimwa kwa Kiingereza. Kosa lilikuwa lugha ya kipimo. Leo sheria ya elimu maalumu inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa.

Ila “lugha yake” ni ipi? Mimi ni wa Tanga. Nilimwuliza binti kutoka Uvira, Kongo, ana madaftari mangapi, akanikodolea macho. Ripoti iliyotangulia, ya mtu mwingine, ilisema hata Kiswahili kinamshinda. Nikachukua daftari mezani, nikaliinua. “Aa, kaye!” Kuanzia hapo maneno yakamiminika: batoto wenzake, habari za ku masomo, mdogo wake anayemchania kaye. Hakuna kilichokuwa kinamshinda. Kiswahili cha aliyempima kilikuwa cha pwani, chake cha ziwani.

Kwa hiyo wazazi mkiitwa kikao cha elimu maalumu, dai mkalimani wa shule, ni bure, na asiwe kaka wala dada wa mtoto. Kabla hujatia saini, uliza mtoto alipimwa kwa lugha gani, na aliyempima alitokea wapi. Swali la pili huwashangaza, lakini hulijibu.