Ukumbi una kiyoyozi, sawa, ila madirisha yanafunguka? Kuandaa semina wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Watu wanaonipigia simu nikawakagulie ukumbi kabla ya semina swali lao la kwanza ni ndoo ngapi za kunawia na sanitaiza lita ngapi, na mi huwa nawajibu kwa swali, madirisha yanafunguka? Hapo mtu ananyamaza kidogo afu anasema ukumbi una viyoyozi, tena vipya kabisa. Haya, ndo tunaanzia hapo.

Mimi ni afisa afya mazingira, niko Mwanza, na kwa sasa kazi yangu kubwa ni kuwashauri wanaoandaa warsha, mikutano mikuu ya saccos, makongamano ya walimu na manesi na kadhalika. Kitu cha kwanza ninachotaka kujua ni mlipuko wa nini, maana watu wanachanganya. Kukiwa na kipindupindu mimi siendi ukumbini, naenda jikoni, naangalia maji yanatoka wapi, barafu imegandishwa kwa maji gani, kachumbari imekatwa saa ngapi na aliyeikata ananawa wapi akitoka chooni. Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, ilipotangazwa Kagera Machi 2023, na meli ya Bukoba si ndo inashusha watu hapa hapa, suala lilikuwa kugusana na majimaji ya mtu anayeumwa, kwa hiyo kuacha kupeana mikono na kurudisha ndoo za maji tiririka ilikuwa sawa kabisa. Ila korona, mafua makali na ndugu zake hao wanapita kwenye hewa, na ndoo ya mlangoni haizuii hewa.

Hili lilichelewa kueleweka, na sio na sisi tu. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa linatangaza kwamba korona haisambai kwa hewa, likaja kubadilisha maelezo baadaye, lakini kule mitaani somo la ndoo lilikuwa limeshakaa vichwani. Sasa angalia, tarehe 10 Machi 2020 kuna kwaya ilikutana kwa mazoezi huko Mount Vernon, jimbo la Washington Marekani, watu 61, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Sanitaiza ilikuwepo mlangoni, hawakukumbatiana wala kupeana mikono. Waliokuja kuumwa, waliopimwa pamoja na waliohesabiwa kwa dalili, walikuwa 53, na wawili walifariki. Kuimba na kuongea kwa nguvu kunatoa vitonetone vingi kuliko kukaa kimya, kwa hiyo ukiniambia ratiba inaanza na kwaya mbili halafu emsii anayepigisha watu kelele za "oyee" kila baada ya dakika tano, naomba hiyo sehemu ifanyike nje.

Na msije mkasema hao ni wanakwaya, wataalamu wanajua kujilinda. Kampuni ya dawa ya Biogen ilikutanisha viongozi wake hotelini Boston mwishoni mwa Februari 2020, watu kama 175, na wanasayansi waliofuatilia vinasaba vya kirusi walichoambukizana hapo walikuja kukikuta kimesambaa majimbo mengi ya Marekani na nje ya nchi. Kampuni ya dawa hiyo!

Turudi kwenye kiyoyozi. Kile cha ukutani tulichozoea kinavuta hewa ya humo humo ndani, kinaipoza, kinairudisha humo humo, hakileti hata chembe ya hewa mpya. Kuna hoteli chache zenye mtambo mkubwa unaovuta hewa toka nje, hapo ongea na fundi wao sio na mtu wa mapokezi, akuonyeshe inaingilia wapi. Panga boi nalo linakoroga tu kilichopo.

Nikupigie hesabu. Chukua ukumbi wa mita 10 kwa 15, dari mita 3, watu 50 wamekaa, madirisha yamefungwa ili ubaridi usitoke. Hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, nje ni kama sehemu 420 kwa milioni, humo ndani ndani ya saa moja inapita 2,000, na ikifika hapo maana yake karibu pumzi moja katika kila 25 unayovuta imeshatoka kwenye mapafu ya mwenzako. Usingizi ule wa baada ya chai ya saa nne sio chapati peke yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu, kwa ukumbi huo ni kubadilisha hewa yote mara nne kwa saa, na hiyo kwa madirisha yanayotazamana na upepo wa ziwa unaipata bila kununua chochote.

Nina kifaa cha kupima hewa ya ukaa ila mara nyingi naanza na kijiti cha udi. Nasimama kwenye dirisha la upande wa upepo nawasha, moshi ukiingia ukakatiza chumba ukatokea dirisha la pili napumua vizuri, ukipanda juu ukaenda kuganda kwenye dari hapo ndo naanza kutafuta feni. Feni ya kusimama iweke dirishani ikitazama NJE, isukume hewa itoke, mpya itaingia yenyewe upande wa pili. Watu wanashangaa sana hii, wamezoea feni imtazame mgeni rasmi.

Nje ni bora zaidi na sisi ziwa tunalo. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo ukifunga turubai kule Capri Point au ufukweni Ilemela panga viti washiriki wapigwe na upepo mgongoni na msemaji awe mbele yao upande upepo unakoelekea, maana yeye ndo anaongea kwa sauti siku nzima na pumzi yake inaondoka zake. Karatasi zitapeperuka, mawe Mwanza hatujapungukiwa. Kinachoniudhi ni saa nane jua likigeuka mtu anashusha kuta za turubai pande zote, tayari umejenga ukumbi mwingine usio na dirisha. Shusha upande mmoja tu. Na maliza kabla ya saa kumi na mbili, mbu wa huku na malaria hawasubiri korona iishe.

Halafu muda. Mgeni rasmi akichelewa saa mbili watu mia wamefungiwa ndani wanamsubiri, hizo saa mbili ni hatari kuliko hotuba yenyewe. Wasubirie nje chini ya miti, wakae wakisikia msafara umekata kona. Kwenye msosi barakoa zote zinashuka na ndo maongezi yanakolea, kwa hiyo bafe itoke nje hata kama kikao kiko ndani.

Sasa kitu ambacho kwenye miongozo mingi sikioni kabisa, POSHO. Mtu kaamka anakohoa, anajua kabisa anaumwa, lakini asiposaini mahudhurio hapati hela, we ungefanyaje? Anameza panadol mbili anakuja, na kile kipimajoto cha kwenye paji la uso mlangoni kinasoma 36.5 anapita, tena wengine wanaambukiza kabla hata dalili hazijaanza. Kwa hiyo mi nawaambia waandaaji waandike kwenye barua ya mwaliko kabisa kwamba anayeumwa abaki nyumbani, aingie kwa Zoom, na posho yake ya siku anatumiwa kwenye simu kama wengine, kasoro nauli tu. Wahasibu hawaipendi hii hata kidogo. Wengine wanasema watu watajifanya wagonjwa, sawa, wawili watatu watajifanya, hiyo gharama iingize kwenye bajeti mapema kama unavyoingiza mafuta ya jenereta, mfadhili aikubali kabla sio baada. Na malipo ya wote yaende kwa simu, manake ile saa kumi ya siku ya mwisho watu themanini wamebanana kwenye meza moja, kila mtu anachungulia jina lake juu ya bega la mwenzake na peni ni moja, unaharibu kazi yote ya siku tatu kwa nusu saa.

Baada ya semina usilifute grupu la WhatsApp. Tunza orodha ya nani alikaa meza ipi, siku ya tatu na ya tano tuma ujumbe kuuliza nani anajisikia vibaya, na akijitokeza mmoja wapigie wa meza yake kwanza, grupu baadaye, jina lake usilitaje.